Mpangaji Aliyejua Majibu Yote

Pigo la kwanza lilipiga mlango. La pili lilimpata dada yangu.

Haikuwa usiku. Haikuwa porini. Ilikuwa Jumamosi, jua bado kali, nguo ziko kambani, ndizi zinachemka jikoni. Uani kwetu, Buhembe, hapahapa Bukoba mjini!

"Toka mlangoni, mama! Sina ugomvi na wewe!"

"Sitoki."

"Nitakukata!"

"Kata. Humu haingii mtu."

Na yule mtu akakata...

Hiyo ndiyo siku dada yangu Annastella alipoacha kuwepo. Asubuhi alikuwa amenigombeza kwa kuunguza maharage. Jioni nilikuwa nafungua sanduku lake, natafuta gauni la kumvalisha.

Ninaandika kwa sababu nimeanza kuisahau sauti yake, na sitaki kuisahau. Lakini na wewe unayesoma hapo ulipo, hasa kama una chumba cha kupangisha, usiishie njiani. Maana aliyemuua dada hakuruka ukuta. Hakuvunja geti.

Tulimhoji. Tukampenda. Tukampa ufunguo!

*

Naitwa Joviana. Baba yetu alituachia nyumba ya vyumba vinavyotazamana, uwanja katikati na geti moja la bati. Mimi mdogo, dada mkubwa, na msimamizi ni yeye.

Kupata chumba kwa Annastella ilikuwa kazi. Watu wa mtaa walisema kuposa binti wa watu ni rahisi zaidi. Madalali walimchukia. Akija mtu, dada anamkalisha kwenye kigoda nje ya jiko, yeye anakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mimi niko pembeni namenya ndizi kama shahidi. Halafu maswali yanaanza.

Kuna mmoja namkumbuka mpaka leo, alikuja ananukia manukato.

"Una mke?"

"Hapana, mama. Niko peke yangu."

"Na hiyo pete?"

"Hii? Ya urembo tu."

"Haya. Simama uende na urembo wako."

"Mama, si tuongee..."

"Tumeshaongea. Joviana, mfungulie geti mzee wa urembo!"

Nilicheka mpaka kisu kikaniponyoka.

Lakini hakuwa mtu wa mzaha. Wengi wa wapangaji wetu walikuwa wanawake wanaoishi peke yao, na dada alikuwa akisema, chumba si kuta, chumba ni yule anayelala upande wa pili wa ukuta. Alikuwa na maswali yake. Ukiudhika unafanya nini? Kibanja cha kwenu kiko wapi? Nani wamezikwa hapo?

Hilo la makaburi lilikuwa linawashika wengi. Sisi Wahaya tunazika kibanjani, shamba la ukoo, katikati ya migomba. Mtu mwenye kwao atakutajia babu yuko upande gani na bibi yuko upande gani. Tapeli anaanza kukuna kichwa.

Maswali yale alifundishwa na shangazi yetu Restituta, dada wa marehemu baba. Shangazi anaishi Ijumbi, wilaya ya Muleba, kwenye kibanja cha babu. Anajulikana kuanzia parokiani mpaka sokoni. Mpangaji akisema ametoka Muleba, dada hamalizi mahojiano bila kumpigia shangazi.

"Shangazi, huyu mtu ni wa nani huko?"

Shangazi akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, kigoda kinaondolewa.

*

Wiki chache kabla ya Jumamosi ile alikuja Immakulata.

Mwembamba, kitenge amejifunga mpaka kidevuni na joto lote lile. Alikuwa amepata kazi ya kupika kwenye mgahawa mmoja mjini.

"Una mume?" dada akamuuliza.

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

"Nimemkimbia."

Immakulata akafungua kitenge. Kovu la moto lilianzia chini ya sikio, likashuka shingoni, likaingia begani. Ngozi imejikunja kama karatasi iliyolowa ikakauka.

"Maji gani haya?" dada akauliza taratibu.

"Ya ndizi. Nilichelewa kuepua, akaepua yeye."

Mawe, mama yangu! Niliangalia sufuria letu lililokuwa jikoni, nikageuza uso.

"Kuna anayejua uko Bukoba?"

"Mungu."

"Basi na sisi wawili. Nyegera, mwanangu. Karibu nyumbani."

Hakumuuliza kibanja. Hakumuuliza makaburi. Aliona yule binti anatetemeka, akamwacha. Immakulata alisema ametoka Muleba, basi, na Muleba ni kubwa.

Lakini jioni ile nilimsikia dada kwenye simu. "Shangazi, kuna binti anaitwa Immakulata, ana kovu la moto shingoni. Ni wa huko kwetu. Unamfahamu?"

Shangazi akasema hamfahamu. Ila mpokee tu, ni mtoto wa watu.

Usimlaumu dada. Kwa mtu mwingine yeyote asingefungua mdomo. Lakini kwetu shangazi si mtu wa nje. Kumwambia shangazi ni kama kujiambia mwenyewe.

*

Jumamosi asubuhi, Immakulata yuko kazini, geti likagongwa.

Mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi, godoro amelifunga kwenye bodaboda. Hakuletwa na dalali. Alisema anaitwa Nathanael, ni fundi ujenzi, ameambiwa kuna chumba.

"Shikamoo, mama," akasalimia, akainama.

"Umekuja na godoro kabisa? Una uhakika gani utapata?"

"Nimekuja na imani, mama."

Dada akacheka. Akamwonyesha kigoda.

"Ukiudhika unafanya nini?"

"Nanyamaza. Natoka nje natembea mpaka hasira iishe, ndipo narudi."

Dada akanigeukia akanikonyeza. Jibu zuri.

"Kibanja cha kwenu kiko wapi?"

"Ijumbi, mama. Babu amezikwa upande wa juu, bibi pembeni yake, na baba yuko karibu na mibuni."

"We! Mbona unanipita mbio? Makaburi sijauliza bado!"

Wakacheka wote wawili.

Na mimi nilicheka...

Dada akapiga simu, akaweka sauti ya nje. Shangazi akapokea kwa furaha.

"Nathanael? Aaa, mpokee mwanangu! Kijana mpole huyo, hata kuku wa jirani hamfukuzi. Mpe chumba, nakwambia."

Kwisha. Dada akaniambia nilete kahawa. Si ya kunywa. Ile ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani zikakaushwa, tunayompa mgeni tunapomkaribisha. Alikuwa na desturi ya kutafuna na kila mpangaji mpya. Alikuwa anaamini kwamba mkitafuna pamoja, huyo hawezi tena kukuinulia mkono.

Nathanael akapokea kwa mikono miwili. Akatafuna. Akashukuru.

Akaingiza godoro lake. Ndani ya lile godoro alikuwa ameviringisha muhoro, ule mundu wetu wa kukatia majani ya migomba. Hilo tulilijua baadaye.

*

Saa kumi jioni. Dada anaanua nguo. Mimi niko jikoni. Najibu, mpangaji wetu fundi pikipiki, yuko chumbani anaswali Alasiri. Yule mgeni amekaa kizingitini kwake, anatazama geti.

Nilidhani anapunga upepo.

Geti likafunguka. Immakulata akaingia na ndoo ya viazi kichwani. Akapiga hatua kidogo... akamwona.

Ndoo ilianguka. Viazi vikatawanyika uwanja mzima.

"Mke wangu," yule mwanamume akasema, anatabasamu. "Umependeza mjini."

Immakulata hakupiga kelele. Alikimbia. Akakatisha uwanja kama kuku aliyeona mwewe, akaingia chumbani kwake, komeo likalia.

"Nathanael, kuna nini?" dada akauliza, nguo bado ziko mkononi.

"Siitwi Nathanael. Naitwa Clavery. Na huyo ni mke wangu."

Akainama ndani ya chumba chake. Alipotoka alikuwa na muhoro.

Alipiga ule mlango, mbao zikaruka. Dada akaacha nguo zianguke chini. Badala ya kukimbilia geti, akakimbilia mlango! Akasimama katikati, mikono yote miwili ameshika fremu.

"Humu haingii mtu na muhoro!"

"Huyo ni mke wangu!"

"Kwako ni mke. Humu ni mpangaji wangu."

Maneno mengine mmeshayasoma mwanzoni.

Muhoro ulimwingia dada kati ya shingo na bega. Sauti ya ule muhoro ni sauti ya kukata mgomba, sina namna nyingine ya kuieleza. Hakuanguka. Jamani, hakuanguka! Aliendelea kushika fremu, damu inashuka kwenye kanga, anamtazama usoni.

Akamkata tena, mkononi. Mkono mmoja ukaachia. Mwingine ukabaki.

Nilinyakua sufuria la ndizi. Sikuhisi moto. Nilimmwagia mgongoni, maji na ndizi zote, akalia kama fahali, akanigeukia. Niliona macho yake. Hayakuwa na hasira hata kidogo, yalikuwa ya mtu aliye kazini.

Aliinua muhoro juu yangu. Wakati uleule mlango wa Immakulata ukafunguka. Yule binti aliyekuwa salama ndani, komeo limefungwa, alifungua mwenyewe!

"Clavery! Mimi niko hapa! Waache!"

Akamkumbatia dada kwa nyuma, asianguke. Clavery akarudi kwao. Pigo lililofuata Immakulata alilipokea kwa mkono, nikasikia mfupa.

Ndipo Najibu alipotoka, kanzu imekunjwa mpaka magotini, spana kubwa mkononi. Alimpiga gotini. Clavery akaenda chini. Akampiga mkononi, muhoro ukaruka. Akampiga tena. Na tena.

"Najibu, inatosha!" nilipiga kelele.

"Haitoshi!"

Majirani walikuwa wameshajaa. Mawe yalianza kurushwa. Mtu akadai petroli. Polisi walimkuta Clavery anahema, uso haujulikani, na sitawadanganya, wakati ule nilitamani wangechelewa.

Dada alilala kwenye bajaji, kichwa chake mapajani mwangu. Nilikuwa nimebana kidonda kwa shuka alilokuwa anaanua.

"Yule binti..." akasema.

"Mzima, dada. Mzima."

Akafumba macho. Tulipofika hospitali, daktari alimtazama, akanitazama mimi, akanishika bega.

*

Tulimzika Ijumbi, pembeni ya baba.

Nyasi zilitandazwa ndani, waombolezaji wakajaa mpaka migombani. Shangazi Restituta alilia kuliko wote. Alijigaragaza. Aligoma kula. Kila aliyefika alisimuliwa upya.

"Shetani yule alinidanganya! Mimi nilijua ni Nathanael wa kule bondeni, kijana wa kwaya! Kumbe ametumia jina la mwenzake!"

Nilimwonea huruma. Nilimkanda miguu kwa maji ya moto. Nilimwambia, "Shangazi, si kosa lako. Sote alituhadaa."

Akanishika kichwa, akanibariki.

Siku ya kuanua matanga gari lilisimama barabarani. Akashuka Najibu, na nyuma yake Immakulata. Alikuwa ametoka hospitali siku hiyohiyo, mkono umefungwa plasta mpaka kiwikoni. Alisema lazima akaage kaburi.

Nilimshika nikamwongoza ndani, akae na wanawake. Alifika mlangoni, akasimama. Nilihisi mwili wake wote umekuwa mgumu.

"Joviana. Yule anafanya nini hapa?"

"Nani?"

"Yule bibi."

"Huyo ni shangazi yetu. Shangazi Restituta."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa upya.

"Shangazi yenu? Huyu ndiye mshenga wangu!"

Nyumba nzima ikageuka kumtazama shangazi.

"Huyu ndiye aliyenipeleka kwa Clavery," Immakulata akasema, sauti inapanda. "Nilipomwagiwa maji nilikimbilia kwake. Kwenye nyumba hiihii! Alinipaka samli kidonda kwa mikono yake. Akaniambia nivumilie, mwanamke ni kifua. Halafu akanirudisha!"

"Binti, umechanganyikiwa na dawa..." shangazi akaanza.

"Shangazi," nikasema. "Dada alikuuliza juu yake. Akakutajia jina. Akakutajia mpaka kovu. Ukasema humfahamu."

Akavuta kanga yake mabegani.

"Ulimjua?"

Akaanza kukunja ncha ya kanga.

"Shangazi, ulimjua?!"

"Nilitaka wapatane!" akapasuka. "Ndoa ya kanisani haivunjwi! Watu wananicheka kila Jumapili, mshenga gani bibi harusi anatoroka? Clavery aliniapia, ameshika rozari, amesema hatamgusa! Nikamwambia akaonane naye kistaarabu, waongee wayamalize..."

"Kistaarabu? Kwa jina la Nathanael?"

"Annastella asingemfungulia geti mume wa huyu!"

"Na majibu? Makaburi aliyataja kabla hajaulizwa."

Shangazi akaangalia nyasi.

"Nilimwambia tu... ataulizwa nini."

Ndugu zangu, nani angepita mtihani ule kama si aliyefundwa na aliyetunga maswali?

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka jembe. Lilikuwa limeegemezwa ukutani, udongo wa kaburi la dada bado umeganda juu yake. Nililishika. Nikarudi ndani. Wanawake wakapiga yowe, wakatawanyika, shangazi akabaki kwenye nyasi, amejikinga uso kwa viganja, na nililiinua lile jembe mpaka likagusa kenchi.

Mtu akanishika kanga kwa nyuma. Immakulata, kwa ule mkono wake mmoja mzima.

"Joviana. Ukifungwa wewe, mimi nitalala wapi?"

Hakuniambia nisamehe. Hakunitajia Mungu. Aliniuliza hilo tu, na alikuwa anauliza kweli.

Niliteremsha jembe.

*

Wewe unayesoma, siku moja utapigiwa simu. Mtu atakuuliza, fulani unamjua? Usimpambe kwa sababu ni wa kwenu. Usimfiche kwa heshima ya ndoa wala ya ukoo. Sema unachokijua. Huna unachokijua, sema hujui. Neno lako moja linaweza kufungua geti ambalo mtu mwingine amelifunga kwa roho yake.

Na wewe mwenye nyumba, usiridhike na shahidi mmoja, hata awe shangazi aliyekulea. Siku hizi mwanamume akija kupanga, naomba kuzungumza na mkewe. Kama wameachana, ndiyo kabisa! Wengine wanakasirika wanaondoka. Nawafungulia geti.

Clavery yuko rumande, kesi inaendelea. Shangazi alichukuliwa maelezo polisi, akaachiwa, wanasema uchunguzi bado. Yuko Ijumbi. Sijazungumza naye tangu siku ile.

Immakulata yuko hapa. Vidole vyake viwili havikunjiki, lakini amerudi kazini. Jumatatu anakuja mwanamke mmoja kutoka Nyanga na watoto wake, anataka chumba. Nimemwambia Immakulata atamhoji yeye.